Laini ya Marehemu Mfeddal

Mimi subira sina, na sitaki kujisingizia. Lalla Zhor ndiye aliye nayo, lakini yake si ile ya kukaa na kulia. Yake ni ya mtu anayefungua fundo kwa kucha, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka fundo lichoke lenyewe.

Nimembebea masanduku miaka tisa. Yeye ni mpambaji wa maharusi hapa Tetuani, Moroko, na mimi, Mennana, ndiye ninayepanda ngazi za watu na kaftani, mikanda, mataji na taa zake, nikilalamika kila ngazi. Bibi harusi wa kwetu hubadilishwa nguo mara tano, hata mara saba, katika sherehe moja, na Zhor hajawahi kuchelewesha hata vazi moja. Nusu ya maharusi wetu wanaishi ng'ambo. Wanarudi kiangazi kuolewa nyumbani, na miezi yote kabla ya hapo wanazungumza naye kwenye akaunti yake ya mtandaoni. Humo ndimo kulikuwa na tarehe zao, vipimo vya viuno vyao, rangi walizochagua na picha za bibi zao. Sisi daftari hatukuwa nalo. Nani anahangaika na daftari siku hizi?

Mumewe, Si Mfeddal, alikuwa fundi wa viatu vya ngozi. Mwishoni mwa Desemba alirudi kutoka dukani na homa, na siku ya nne tukamzika. Zhor akaingia edani, miezi minne na siku kumi. Akavaa nyeupe kama wajane wetu wote, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Mtu ambaye kazi yake yote ni rangi! Roho iliniuma kumwona vile, nikageuka nikajifanya natafuta pasi.

Sasa sikilizeni tulivyojichimbia shimo kwa mikono yetu wenyewe.

Akaunti ile ilipofunguliwa, zamani, mama mkwe wake, Lalla Khaduj, alisema namba ya mke wa mtu haizururi ovyo. Wote tuliona ni maneno ya maana, hata mimi. Basi ikaandikwa namba ya Mfeddal, iliyokuwa kwenye kitochi chake, simu ndogo ya vitufe. Ilipotokea akaunti inataka kuhakikisha mwenyewe ni nani, tarakimu sita zilitumwa kwenye kile kitochi, na Mfeddal akapiga simu nyumbani kutoka dukani: "Haya bibie, tarakimu zako hizi hapa. Malipo yangu chai." Jambo hilo lilitokea mara moja kwa mwaka, au lisitokee kabisa. Nani angelikumbuka msibani?

Siku ya arubaini ikafika. Katika nyumba ile, siku hiyo vitu vya maiti hutoka vyote kwa sadaka, na Lalla Khaduj ana sheria yake: sadaka haichomolewi kitu. Joho litoke na kofia yake, viatu na soksi zake, na kama kuna sarafu mfukoni, basi iende pia. "Ukimpunguzia maiti sadaka yake, umemwibia maskini na umemwibia maiti," alisema, machozi yakimtoka, maana maiti mwenyewe alikuwa mwanawe. Kitochi kikatoka na laini yake ndani. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye joho, na mimi ndiye niliyekipeleka kwa Ami Layashi, mchocheaji wa tanuri la hamamu, bafu la umma la mtaa wetu. Nilirudi nikijiona nimepata thawabu.

Aprili tulikuwa tunachemsha maua ya michungwa kupata marashi, nyumba nzima inanukia. Zhor akainama juu ya sufuria kutazama moto, na simu yake ikateleza kutoka kifuani ikatumbukia ndani. Tobaa! Tuliitoa kwa mwiko. Tuliianika juani siku tatu, lakini ilikuwa imekwisha kuwa supu.

Kaka yake aliyeko Malaga akamtumia simu mpya. Zhor akaiwasha, akaandika jina la akaunti, akaandika neno la siri. Ikamjibu: tumetuma tarakimu sita kwenye namba inayoishia na 47.

Tukatazamana.

"Arubaini na saba ni nani?" nikauliza, mjinga mimi.

"Ni Mfeddal," akasema Zhor.

Nikaipiga ile namba hapo hapo. Ikaita sana. Kisha sauti ya mzee ikatoka, nyuma yake moto unavuma: "Mwenye simu hii ametangulia mbele ya haki. Msomee Fatiha." Akakata. Nikapiga tena. "Mwenye simu hii ametangulia—" "Ami Layashi, ni mimi Mennana!" "—msomee Fatiha." Akakata. Masikio yake yameliwa na tanuri, jamani, ungepiga baragumu asikusikie.

Nikasema fungua akaunti nyingine, iishe. Zhor akatikisa kichwa. Mwaka uliopita tapeli mmoja alijifanya yeye, akachukua arubuni, malipo ya awali ya watu. Zhor akawaandikia maharusi wote: mimi nina akaunti hii moja tu, mkiona nyingine yenye jina langu, ni mwizi, msiijibu. Walimsikia vizuri sana. Tulijaribu na akaunti mpya, tukamwandikia Wiam wa Rotterdam, ambaye harusi yake ndiyo ya kwanza Juni. Akatujibu kwa neno moja: "Mwizi." Halafu akatuzuia.

Maharusi kumi na saba, na ukimya wetu ulikuwa umefika siku ya kumi. Mjini kukaanza kusemwa kwamba Lalla Zhor ameacha kazi baada ya kufiwa. Aliyelisema kwanza ninamjua, naye ni mpambaji mwenzetu, lakini jina lake silitaji, asije akajiona mtu. Ukikosa kiangazi kimoja katika kazi hii, kinachofuata hakikungoji. Zhor hakuwa na mtoto wala shamba. Alikuwa na kazi yake, na mama mkwe anayemtegemea.

Tukapiga simu kwa kampuni ya laini, sauti ikiwa wazi ili wote tusikie.

"Mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho," akasema yule wa huduma.

"Yuko makaburini," nikamwambia.

"Basi aje na cheti cha kifo."

"Aje nani na cheti cha kifo? Yeye?"

"Warithi," akasema. Akaeleza: warithi wakileta karatasi zote, laini ile itafungwa na wao watapewa nyingine yenye namba ile ile. Itachukua wiki mbili au tatu.

"Na yule aliye nayo sasa?" akauliza Zhor.

"Yake itazimika."

Mimi nilikwisha kutafuta viatu vyangu niende kuulizia karatasi. Zhor akakata simu. "Hapana," akasema.

"Hapana nini? Wewe, watu wamekwisha kuizika kazi yako na wewe uko hai!"

"Kitu nimekitoa kwa ajili ya Mfeddal, nikakivute tena kwa mlango wa nyuma? Mwenye kurudia sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi yake. Sitaki laini, Mennana. Nataka tarakimu sita tu. Nenda ukamwombe."

Nikaenda. Tanuri la hamamu liko chini ya ardhi, unashuka ngazi saba kwenye moshi. Ami Layashi alikuwa anasukuma unga wa mbao motoni kwa koleo, mweusi mpaka kope, na joho la Mfeddal limetundikwa ukutani ndani ya mfuko, safi, la Ijumaa. Nikamweleza kwa kupiga kelele. Akaniacha nimalize.

"Tarakimu sitoi," akasema.

"Ami, si zako! Ni za Lalla Zhor!"

"Mwanangu, msikitini tumeambiwa. Mtu akikuomba tarakimu zilizokuja kwenye simu, hata akilia, usimpe. Rafiki yangu muuza mnanaa alitoa, wakamkausha."

"Mimi ndiye niliyekuletea hicho kitochi, kwa mikono hii!"

"Ndiyo. Lakini hukunipa wewe. Alinipa yeye. Akija yeye mwenyewe nikamwona kwa macho yangu, nitampa simu yote. Bila yeye, hata uje na mama yako." Halafu, kama mtu anayeona aibu: "Na isitoshe, mimi kusoma sijui. Nitakusomea nini?"

Nilipanda ngazi zile ninawaka kuliko tanuri lake. Lakini nikisema kweli, mzee hakuwa na kosa. Laiti sote tungekuwa wagumu kama yeye, matapeli wangekufa njaa.

Zhor aliposikia akasimama, akachukua joho lake jeupe.

Lalla Khaduj akaweka tasbihi chini. "Unakwenda wapi?"

"Kwenye tanuri, Mama."

"Umebakiza siku ishirini. Mjane hatoki! Watu watasema mwanangu hajapoa kaburini, mkewe yuko barabarani."

"Ni mchana, Mama. Nina shida, na nitarudi kabla ya alasiri. Hata mama mdogo wa sahaba Jabiri alikuwa edani, na Mtume akamruhusu aende akavune tende zake."

"Yule aliachwa, hakufiwa!" Lalla Khaduj elimu anayo, humshindi kirahisi.

"Aliachwa au alifiwa, tende zingeoza, Mama. Na zangu zinaoza." Sauti ya Zhor haikupanda, akaendelea kufunga kitambaa. "Mfeddal nimemlia na bado namlia. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenibebea masanduku kabla ya Mennana. Akiniona nimekaa hapa naangalia kazi yetu inakufa, hatafurahi. Nitatoka. Nikikosea, dhambi ni yangu."

Nilidhani bibi yule atapiga yowe. "Pitia uchochoro wa wafuma mikeka," akasema hatimaye. "Sokoni kuna midomo mingi." Akaokota tasbihi yake, akatugeuzia mgongo.

Ami Layashi alipoona nyeupe inashuka ngazini aliacha koleo likaanguka. Akajifuta mikono, akaona ni kazi bure, akaiweka nyuma. "Binti yangu, huku si mahali pako. Utachafuka."

"Acha nichafuke, Ami. Nimekuja kuomba ruhusa yako. Simu ni yako. Nataka tu ipokee ujumbe mmoja."

Mzee akaingiza mkono kifuani, akatoa kitochi kilichofungwa kwenye plastiki mara tatu. Akakifungua kama anavua kidonda bandeji, akampa kwa mikono miwili. Zhor akakishika. Pembeni palikuwa na alama ya gundi ya viatu, chapa ya dole la Mfeddal, bado ipo. Akanipa simu mpya, "Omba tarakimu," akasema.

Nikabonyeza. Tukangoja. Moto ulivuma, jasho likatutoka, kitochi kimya. Dakika mbili, tatu. Tarakimu zile zina dakika kumi tu za uhai.

"Mtandao haushiki humu chini," nikasema, naanza kukasirika na kila kitu.

"Unashika," akasema Ami Layashi. "Watu wanapiga humu humu. Kila siku wanapiga."

Zhor akatazama kioo kidogo kwa karibu. Pembeni juu palikuwa na bahasha ndogo inayowakawaka. "Imejaa," akasema. "Haina nafasi. Ujumbe mpya hauwezi kuingia mpaka nifute wa zamani." Akafungua.

Zilikuwa za Zhor mwenyewe. Zote, Wallahi, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, zilikuwa ni jumbe alizomwandikia mumewe. Alete mkate. Alete mnanaa, ule wa jana umenyauka. Mama anauliza utakula nini. Nimefika salama kwa maharusi, usiningoje kula. Mvua inanyesha, chukua mwavuli. Miaka ya mambo madogo madogo, na Mfeddal hakufuta hata mmoja. Alikuwa akifuta za watu wengine ili hizi zikae.

Zhor aliketi pale pale kwenye gunia la unga wa mbao, na nyeupe yake. Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na nikamlaani aliyevumbua kitochi.

"Mimi sikuzigusa," akasema Ami Layashi kwa woga, akidhani amekosea. "Jirani yangu alitaka kunifutia, nikakataa. Nilipewa simu. Maneno ya marehemu sikupewa."

"Na vocha, Ami?" akauliza Zhor, akijifuta uso. Akajipaka masizi shavu zima. "Laini isiyowekwa vocha hufungwa. Nani anaiweka?"

"Mimi. Kila mwezi, kidogo. Watu bado wanampigia, binti yangu. Mmoja yuko jangwani, mwingine Ufaransa, hawajui. Wakikuta imefungwa watasema Mfeddal amebadilisha namba, watamsahau. Nikipokea mimi, angalau anapata Fatiha. Ndiyo maana nikisema hivyo nakata, nisiwachoshe."

Kile kitochi kingebaki kwenye droo yetu, laini ingekuwa imekufa zamani, na akaunti imekwenda nayo.

"Zimebaki dakika tatu," nikasema, maana mtu lazima aseme.

Zhor akashuka kwenye jumbe zile, mmoja baada ya mwingine, midomo ikisoma. Akasimama kwenye mmoja. Akanionyesha. Ulisema: "Umechelewa tena. Kula huko huko uliko." Alimwandikia mwaka juzi, kwa hasira, siku Mfeddal alipokaa dukani kumalizia kiatu cha mteja.

"Huu," akasema. Akaufuta.

Kitochi kikatetemeka mkononi mwake. Tarakimu sita! Nikaziandika mbio. Akaunti ikakataa. Nikapiga kelele hadi walio juu hamamuni bila shaka wakajimwagia maji ya baridi. Zhor hakutikisika. "Angalia tarehe," akasema. "Hizi ni za jana, zilikuwa zinangoja mlangoni." Akazifuta hizo. Nafasi ikapatikana, kitochi kikatetemeka tena, na hizi zilikuwa za leo. Akazisoma yeye mwenyewe, polepole, tarakimu moja moja, na mimi nikaandika na vidole vinavyoteleza kwa jasho.

Ikafunguka. Jumbe za maharusi zikaanza kumiminika: uko wapi, Lalla Zhor, ni kweli umeacha, nijibu tafadhali.

Mimi nilitaka tuanze kujibu pale pale. Yeye akasema bado. Akaingia kwenye mipangilio ya akaunti, akatafuta mahali palipoandikwa namba ya simu, akaondoa ile inayoishia na 47 na kuandika yake mwenyewe. Tarakimu nyingine sita zikaja, safari hii kwenye simu yake, mkononi mwake. Akaziandika. Kisha akazima kioo cha kitochi, akakifunga kwenye plastiki mara tatu kama kilivyokuwa, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Ami Layashi, vocha ya kila mwezi sasa ni juu yangu. Hiyo si kurudia sadaka, ni kuiongeza. Usikatae."

Mzee alikataa mara tatu kwa adabu, ya nne akakubali.

Tukarudi kwa uchochoro wa wafuma mikeka. Nyeupe yake ilikuwa na masizi magotini, kifuani, mgongoni, na alitembea wima kama amevaa kaftani ya bibi harusi. Watu wawili walitukodolea macho, nikawakodolea mimi zaidi.

Lalla Khaduj alikuwa mlangoni. Alitazama nguo ile kutoka juu hadi chini, nikajiandaa kumjibu, lakini akauliza tu, "Mmepata?"

"Tumepata, Mama."

"Na simu ya mwanangu?"

"Nimemwachia mwenyewe. Bado inaita, Mama. Ami Layashi huipokea."

Bibi akakunja uso, kama hakuelewa. Tangu Desemba alikuwa hajaitaja namba ile, na mimi nilidhani ameisahau. Akaanza kuitaja, tarakimu kwa tarakimu, kwa moyo, mpaka arubaini na saba. "Nipigie," akasema.

Zhor akanitazama, kisha akapiga, akamwekea simu mpya sikioni. Ikaita mara tatu. Tulisikia moto, kisha sauti ya mzee: "Mwenye simu hii ametangulia mbele ya haki. Msomee Fatiha."

Safari hii hakukata haraka, au pengine koleo lilikuwa limemshika mikono. Lalla Khaduj akaishika simu kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho, akamsomea mwanawe Fatiha yote hadi amina. Kisha akamwambia mkwewe avue nguo ile aifue yeye, na aketi awajibu wale wasichana, kwa sababu Wiam wa Rotterdam amengoja vya kutosha.